Sindano Niliyotembea Nayo

Mimi ni fundi cherehani wa Ngamiani, Tanga, na kwa zaidi ya miaka thelathini mguu wangu wa kulia ndio ulionipatia riziki. Mashine yangu ni Singer ya kukanyaga niliyoachiwa na marehemu mama yangu, na yeyote aliyewahi kuketi mbele ya mashine ya namna hiyo anajua kwamba mkono huongoza kitambaa, lakini mguu ndio unaoendesha kazi yote. Tangu nilipofundishwa kushona nikiwa msichana nilishona peku, kwa kuwa unyayo mtupu huupata vizuri zaidi mwendo wa mashine, na fundi aliyeshona na viatu tulimhesabu kuwa bado hajakomaa. Nayaeleza haya mapema kwa sababu mkasa wangu wote ulitokana na unyayo huo, ambao niliuamini kuwa unahisi, kumbe ulikuwa umeacha kuhisi bila kuniaga.

Nilijulikana kuwa na kisukari mwaka 2008, baada ya miezi ya kiu isiyokatika na kuamka usiku mara nne au tano kwenda haja ndogo. Nilipewa vidonge, nikaelezwa kuhusu chakula, na kwa kiasi kikubwa nilitii: niliacha sukari kwenye chai, nikapunguza wali, na vitumbua vya asubuhi nikawaachia wajukuu. Kila nilipokwenda kliniki nilitobolewa kidole, nikapimwa shinikizo la damu na uzito, nikaandikiwa dawa, nikarudi nyumbani. Kwa miaka minane hakuna aliyeniambia nivue viatu, nami sikuwahi kuvivua mwenyewe na kusema tazameni na huku. Foleni za kliniki nazijua, na najua muuguzi mmoja huhudumia watu wangapi kwa asubuhi moja, lakini bado naamini kwamba dakika mbili za kutazama nyayo zangu zingeniokolea kidole.

Dalili zilikuwepo, isipokuwa nilizisoma vibaya. Kati ya mwaka 2011 na 2013 miguu yangu ilikuwa ikichomachoma usiku kama iliyomwagiwa pilipili, kiasi kwamba hata shuka likigusa vidole sikuweza kulala. Kisha maumivu yakapungua, na badala yake ikaja hali ya kutembea kana kwamba nimekanyaga pamba. Baada ya muda hata kule kuchoma kukaisha kabisa, nikamshukuru Mungu na kuwaambia jamaa zangu kwamba dawa sasa zimenikubali. Ndiyo sehemu inayoniuma zaidi kila ninapoikumbuka, kwa sababu nilichokiita kupona kilikuwa ni mishipa ya fahamu kumaliza kufa. Sukari inapokaa juu kwa miaka huidhuru mishipa hiyo, na huanzia mbali, kwenye ncha za vidole vya miguu, ikipanda taratibu kuelekea kifundoni. Mishipa inayoharibika hupiga kelele kwanza, halafu hunyamaza. Mguu wangu ulikuwa umenyamaza, nami nikadhani umetulia.

Ilikuwa Ramadhani ya mwaka 2016, siku kumi za mwisho, wakati ambapo fundi wa mtaani halali. Sikuwa nafunga, kwa ushauri wa daktari, lakini kazi niliifanya tangu alfajiri hadi usiku wa manane: magauni, kanzu za watoto, mashela, kila mtu akitaka yake kabla ya mwezi kuandama. Sindano za mashine zilivunjika mara kwa mara kwa sababu ya vitambaa vizito, na kila ilipovunjika niliitoa, nikaweka nyingine, na kile kipande nikakitupa kwenye kikopo ambacho mara nyingine kilikuwa mbali na mkono. Siku mbili kabla ya Idi mjukuu wangu wa miaka sita, aliyekuwa akicheza na vipande vya kitambaa chini ya meza, aliniambia, "Bibi, mguu wako unatoa maji." Nilimwambia asinisumbue. Akarudia. Nilipoinama kutazama niliona alama ya unyayo wangu kwenye kikanyagio, yenye unyevu wa rangi ya manjano iliyochanganyika na damu.

Chini ya shina la dole gumba kulikuwa na sugu nene niliyokuwa nayo kwa miaka, sugu ya kazi, na katikati yake palikuwa na tundu dogo lisilozidi punje ya mtama. Nilibonyeza, usaha ukatoka, na sikuhisi chochote. Hapo ndipo nilipopaswa kuogopa. Badala yake nilifarijika, kwa kuwa akili yetu imezoea kupima ukubwa wa jeraha kwa ukubwa wa maumivu, na lisilouma tunaliona dogo. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende, na methali hiyo nimeisikia tangu utotoni. Lakini inamzungumzia mtu aliyeuhisi mwiba kisha akaudharau, na mimi hata nafasi ya kudharau sikupewa, kwa maana sikujua kuwa kuna mwiba.

Wifi yangu, ambaye alinipenda na hakunitakia ila heri, aliniambia kidonda cha namna ile dawa yake ni kukandwa kwa maji ya moto na chumvi. Alichemsha maji, akayapooza kidogo, akanitumbukiza mguu ndani ya beseni na kunikanda kwa kitambaa. Aliniuliza kama ni ya moto sana, nikamjibu kwamba ni vuguvugu tu. Asubuhi yake mguu ulikuwa na malengelenge kuanzia kifundo hadi vidole, mengine yakiwa yamekwisha kupasuka. Maji yale yaliniunguza mbele ya macho yangu huku nikiyaita vuguvugu. Tangu siku hiyo sijawahi kuuamini mguu wangu kunipimia joto la kitu chochote: maji ya kuoga nayapima kwa kiwiko, na kama mkono nao una ganzi, kama ilivyo kwa baadhi ya wenzangu, basi huombwa mtu mwingine ayapime. Kuroweka miguu nimeacha kabisa, hata kwa maji baridi, kwa sababu ngozi iliyolowa kwa muda mrefu hulainika, na kisha ikikauka hupasuka na kuwa mlango wa vijidudu.

Nilikwenda kwenye zahanati iliyo karibu. Mhudumu aliyenipokea alitazama malengelenge, akaniandikia vidonge vya kuua bakteria, akanifunga bendeji safi, akaniambia nirudi baada ya wiki. Hakuuliza habari ya sukari, wala mimi sikuitaja, nikidhani kwamba kuungua ni kuungua. Lile tundu lililo chini ya sugu hakuna aliyeligusa. Nikarudi kwenye mashine kwa sababu nguo za Idi zilikuwa hazijaisha, nikaendelea kukanyaga kwa mguu uleule wenye bendeji, maana haukuniuma. Siku ya tatu baada ya Idi nilipata homa na kutetemeka, na binti yangu alipofungua bendeji, harufu ilijaa chumba kizima. Dole gumba lilikuwa jeusi ubavuni, na wekundu ulikuwa umepanda hadi juu ya kifundo.

Katika hospitali ya mkoa sukari yangu ilisoma milimoli 21.3 kwa lita, yaani juu mno. Nililazwa siku hiyohiyo, nikaanzishiwa insulini na dawa za mshipani, na kesho yake nikapigwa picha ya eksrei. Daktari aliishika picha ile kwenye mwanga wa dirisha akaniuliza, "Mama, unafanya kazi gani?" Nilipomjibu alinyamaza kidogo, kisha akanionyesha kijistari cheupe kilichonyooka, kilichojilaza kando ya mfupa wa dole gumba. Ilikuwa ncha ya sindano ya cherehani. Hadi leo sijui iliingia siku gani. Daktari alisema kwa jinsi mfupa ulivyokwisha kuliwa na maambukizi, haikuwa kazi ya siku mbili wala ya wiki moja. Nimekanyaga mashine, nimekwenda sokoni, nimehudhuria matanga, nimesimama katika sala, huku nimebeba chuma ndani ya mguu wangu. Mfupa ulioingiwa na maambukizi kiasi kile haukuweza kuokolewa, na dole gumba likakatwa.

Nataka kusema kitu kuhusu kukatwa, kwa sababu najua namna tunavyolizungumzia jambo hili mitaani. Wengi huamini kwamba mwenye kisukari akienda hospitali na kidonda lazima atakatwa, kwa hiyo hukaa nyumbani na asali, na majani, na unga wa dawa za kufungua vidonge na kunyunyizia juu ya kidonda, na hatimaye huenda wakati hakuna tena la kufanya ila kukata. Na hivyo hofu yenyewe ndiyo inayotimiza kile kinachohofiwa. Katika wodi nilikutana na mama wa Pangani aliyekuja siku ya pili tu baada ya kujikwaa. Alisafishwa, akapewa dawa, akarudi kwake na vidole vyake vyote kumi. Kidonda chake na changu vilipoanza vilikuwa na ukubwa uleule, ila mimi nilichelewa.

Kidonda cha mahali palipokatwa kilichukua miezi mitano kufunga, na sababu ya muda mrefu hivyo niliielewa polepole. Sukari iliyo juu huzidhoofisha chembe za damu zinazopigana na vijidudu. Mishipa ya damu ya miguuni nayo huweza kuwa myembamba, na ndiyo maana daktari hugusa juu ya unyayo na nyuma ya kifundo cha ndani akitafuta mapigo. Yangu, namshukuru Mungu, yalikuwepo. Lakini jambo lililonigharimu wiki nyingi kuliko yote ni uzito. Mtu mzima anayekanyaga kidonda hukiponda upya kwa kila hatua, na dawa nzuri haiwezi kushindana na kilo sabini na tano zinazoshuka juu yake maelfu ya mara kwa siku. Mwenye hisia huchechemea bila kufundishwa, kwa kuwa maumivu humlazimisha kuupumzisha mguu. Sisi tulionyimwa maumivu hutembea wima juu ya kidonda, watu wakatusifu kwamba tuna moyo. Nilipewa magongo, na mwezi wa kwanza niliyatumia nikitoka tu, nyumbani nikayaegesha ukutani, mpaka muuguzi aliyekuwa akinisafisha aliponiambia kwamba hatua ishirini za kwenda jikoni zinahesabika sawa na hatua ishirini za kwenda sokoni. Kuanzia hapo nilimkabidhi binti yangu mashine, nami nikabaki na kukata vitambaa, kupiga pindo na kutia vifungo, nikiwa nimeketi mguu umeinuliwa juu ya kigoda. Kidonda ambacho kilikuwa kimesimama pale pale kikaanza kupungua wiki ileile.

Muuguzi huyo ndiye aliyenifumbua macho kuhusu hali halisi ya miguu yangu. Siku moja alitoa kijiti chenye uzi mgumu kama wa nailoni, mfupi, akaniambia nifumbe macho na niseme "ndiyo" kila nitakapohisi umegusa. Uzi huo umetengenezwa ili upinde pale unapokandamizwa kwa uzito wa gramu 10, na asiyeuhisi anahesabiwa kuwa amepoteza hisia ya kumlinda. Mimi nyuzi ndizo maisha yangu. Naweza kukuambia unene wa uzi kwa kuupitisha kati ya vidole gizani. Nilifumba macho nikasubiri. Niliposubiri sana nilimwuliza, "Mwanangu, mbona huanzi?" Akanijibu kwa upole, "Nimemaliza, mama. Nimegusa mahali kumi." Nililia siku hiyo kuliko nilivyolia siku ya kukatwa.

Tangu hapo nimejizoesha kufanya kwa macho na mikono kazi ambayo miguu imeiacha. Sisi Waislamu tuna bahati ya kuosha miguu mara tano kwa siku, na nimeifanya kila mara ya kutawadha kuwa fursa ya kutazama. Lakini kutawadha kunaacha majimaji kati ya vidole, na wengi huingiza mguu kwenye kiatu au hukimbilia mkekani hivyohivyo. Hapo ndipo fangasi huanza, ngozi ikageuka nyeupe, ikachanika, na ufa mdogo kama uzi ukawa njia ya maambukizi. Nina kitaulo changu cha pamba kando ya ndoo, nacho nakikandamiza katikati ya kila kidole mpaka pakauke, bila kusugua. Baada ya hapo hupaka mafuta ya nazi kwenye unyayo na kisigino ili ngozi isipasuke, lakini kati ya vidole sipaki kitu.

Ukaguzi mkubwa ni wa usiku, baada ya sala ya Isha. Kioo changu cha wateja, kile wanachojitazamia wakija kujaribu nguo, nakilaza sakafuni nikikiegemeza kwenye mguu wa meza, na kuuweka unyayo juu yake kwenye mwanga wa taa. Natafuta wekundu, lengelenge, ufa, ukucha uliozama kwenye nyama, sugu iliyobadilika rangi. Kisha napitisha mgongo wa mkono juu ya miguu yote miwili nikilinganisha joto, kwa maana mguu ulio wa moto kuliko mwenzake au uliovimba, hata kama hauna kidonda, unahitaji daktari mara moja. Mifupa ya ndani huweza kuwa inavunjika kimya kimya na umbo la mguu likaharibika moja kwa moja. Haichukui zaidi ya dakika tano. Siku ambazo macho yangu hayaoni vizuri, mjukuu wangu yuleyule aliyeyaona maji kwenye kikanyagio hunitazamia, na hufanya kazi hiyo kwa makini ya kunitia haya.

Kuna mambo ya urembo na ya ada ambayo sijawahi kusikia yakisemwa kliniki, nayo ni yetu sisi wa pwani. Hina na piko kwenye nyayo ni fahari ya mwanamke harusini, lakini nyayo iliyokolea rangi nyekundu au nyeusi haiwezi kukaguliwa. Wekundu wa hatari hujificha ndani ya wekundu wa mapambo. Sasa najipaka mikononi tu. Vilevile kwenye khitma na matanga tunaketi mkekani tumekunja miguu kwa saa nyingi, na mfupa wa kifundo cha nje hubanwa na sakafu bila sisi kujua. Shoga yangu mmoja alipata kidonda hapohapo kifundoni baada ya siku tatu za msiba wa mumewe, akadhani ni mdudu. Mimi huomba kiti, au huketi nimenyoosha miguu juu ya mto, na nimezoea kueleza sababu bila kuona aibu. Mlangoni navua viatu kama watu wote lakini huingia na soksi, kwa kuwa saruji ya ua iliyopigwa na jua la saa saba mchana huunguza unyayo usiohisi kama yalivyoniunguza yale maji. Soksi zangu ni nyeupe, na sababu yake ni kwamba damu na usaha huonekana kwenye nguo nyeupe kabla ya kuonekana mahali pengine. Zenye mshono mnene wa ndani nazigeuza nje, na zenye mpira unaoacha alama kwenye mguu nazikata mpira.

Jambo jingine ambalo watu hunisikiliza kwa mashaka ni la panya. Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam, akiwemo Zulfiqarali Abbas ambaye ametumia miaka mingi kutibu miguu ya wagonjwa wa kisukari nchini Tanzania, walichapisha maelezo ya wagonjwa waliong'atwa miguu na panya wakiwa wamelala, wasihisi, wakaamka na majeraha. Watoto wetu tunawaambia kwamba panya huuma huku akipuliza ili usiamke. Kwa mwenye ganzi panya hana haja ya kupuliza. Nalala ndani ya neti iliyochomekwa vizuri chini ya godoro, miguu nikiwa nimeikausha mafuta ya ziada, na mabaki ya chakula hayalali chumbani.

Kuhusu kucha na sugu nilikuwa na dhambi ya siku nyingi. Kama mafundi wengi, wembe haukuwa mbali nami, na kila Ijumaa nilichonga sugu ile ya dole gumba kama mtu anavyochonga penseli, nikiona ni usafi. Sasa naelewa kwamba sugu ni taarifa: mwili unaeleza kwamba mahali hapo pana mkandamizo mkubwa mno, na chini ya sugu nene nyama huweza kupasuka na damu kukusanyika bila kuonekana. Wembe hauondoi mkandamizo, na ukiteleza huacha jeraha. Dawa za maji za kuunguza sugu zinazouzwa madukani na minadani ni hatari zaidi, kwa sababu haziwezi kutofautisha sugu na ngozi. Sugu zangu hupunguzwa kliniki na mtu aliyefundishwa. Kucha nazikata baada ya kuoga zikiwa laini, moja kwa moja bila kuchimba pembeni, na ncha kali nazilainisha kwa tupa ya kucha.

Viatu ndivyo vilivyonipa kazi kubwa, kisha vikanipa furaha, kwa kuwa hapo ufundi wangu ulinifaa. Baada ya kupoteza dole gumba uzito wote ulihamia kwenye vidole vilivyobaki na kwenye mpira wa unyayo, na muuguzi alinionya kwamba kidonda cha pili mara nyingi huota hapo. Ndala nilikuwa nimezivaa maisha yangu yote. Mkanda wake hukata katikati ya vidole, na mtu aliyepoteza hisia huziacha njiani bila kujua kwamba anatembea peku. Viatu vya mtumba vina bei nafuu, lakini vimekwisha kuchukua umbo la mguu wa mtu mwingine, na baadhi vina misumari iliyoanza kujitokeza ndani. Nilifanya kile ninachokijua: nilisimama juu ya karatasi ya kaki ile ninayokatia patani, jioni, wakati miguu imekwisha kuvimba kidogo, nikamwomba binti yangu auchore mguu mmoja mmoja kwa kalamu iliyosimama wima. Nikakata patani mbili. Kila kiatu nilichotaka kununua niliingiza ile patani ndani kwanza, na kama karatasi ilijikunja pembeni, kiatu nilikirudisha hata kama muuzaji aliapa kwamba kitatanuka. Utashangaa ni viatu vingapi unavyoamini vinakutosha ambavyo karatasi itavikataa.

Mwishowe nilizipeleka patani hizo kwa fundi viatu, tukakaa pamoja kama mafundi wawili, tukatengeneza makubazi yenye kikuta cha nyuma, mikanda mipana ya ngozi laini isiyopita katikati ya vidole, soli ngumu ya mpira ambayo msumari haupenyi kwa urahisi, na ndani tabaka nene la sponji lililochongwa mahali pa vidole ili pasikandamizwe. Sehemu ya dole gumba lisilokuwepo alijaza kipande laini ili mguu usiteleze mbele. Kabla ya kuvaa, hata kama nimevivua nusu saa iliyopita, naingiza mkono ndani na kupapasa, kisha navipindua na kuvigonga. Nimewahi kutoa humo kokoto, kifungo, na mara moja pini ya kichwa cha bluu ambayo naijua ilitoka kwenye kikopo changu mwenyewe. Chumba cha kazi sasa kina sumaku iliyofungwa kwenye kamba, na kila jioni mjukuu huiburuta sakafuni kabla ya kufagia.

Wanaokuja kupimwa nguo huona patani ya miguu iliyotundikwa ukutani, huuliza, na mazungumzo huanza. Wenye kisukari nawaonyesha kipimo kisichohitaji hata uzi, kilichobuniwa katika mji wa Ipswich, Uingereza. Mtu hufumba macho, na mwingine humgusa kwa ncha ya kidole cha shahada, kwa wepesi na kwa sekunde moja au mbili tu bila kubonyeza, kwenye dole gumba, kidole cha kati na kidole cha mwisho cha kila mguu. Ni miguso sita. Akikosa kuhisi miwili au zaidi, miguu yake imekwisha kupungukiwa hisia na inapaswa kuangaliwa na wataalamu mapema. Mteja wangu mmoja, mwalimu mstaafu aliyekuja kushonesha koti la harusi ya mwanawe, alihisi miguso miwili tu kati ya sita, na alikuwa ameniambia dakika chache kabla kwamba miguu yake haina tatizo lolote kwa kuwa haimwumi. Nilimwomba avue soksi. Kisigino chake kilikuwa na ufa uliofika kwenye nyama.

Mwaka 2021, usiku wa Jumanne, niliona kwenye kioo alama ya kahawia chini ya kidole cha pili cha mguu uleule wa kulia, ndani ya sugu changa, ndogo kama mbegu ya ufuta. Haikuuma, bila shaka. Miaka mitano kabla ya hapo nisingeiona, na kama ningeiona ningeifurahia kwa kutouma kwake. Nilichukua magongo kutoka nyuma ya mlango, nikalala, na asubuhi nilikuwa wa tatu kwenye foleni. Muuguzi alipunguza ile sugu, chini yake akakuta damu iliyoganda na mahali pabichi padogo pasipo na usaha. Alipasafisha, akapafunga, akaniambia nipumzishe mguu, nami safari hii sikuhesabu hatua za jikoni kuwa si hatua. Palifunga kwa siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili nilimpelekea fundi viatu makubazi yangu pamoja na patani mpya, akapapasa sponji kwa kidole gumba, akakuta mahali ilipokuwa imelala na kuwa ngumu, akaing'oa yote na kuanza upya.